Chombo kinachopanga maandishi ya programu za kompyuta

Kila mtengenezaji wa programu za kompyuta ana mazoea yake ya kuacha nafasi, kukata mistari na kuweka mabano. Katika lugha nyingi za kompyuta, tofauti hizo haziathiri utendaji wa programu. Hata hivyo, panapokuwa na watu wengi katika kazi moja huzusha mabishano, na kosa la kweli huweza kujificha kati ya mamia ya mistari iliyobadilishwa sura tu.

Lugha ya Go, iliyotangazwa na kampuni ya Google mwaka 2009, ilikuja na chombo kiitwacho gofmt. Chombo hicho huchambua muundo wa programu, kisha huiandika upya kwa mtindo mmoja, bila kubadili maana yake. Vyombo vya namna hiyo vilifuata kwa lugha nyingine: Prettier ya JavaScript mwaka 2017, na Black ya Python mwaka 2018.

Mradi wa zamani huhitaji tahadhari. Mafaili yote yakipangwa kwa mkupuo, kumbukumbu huonyesha kana kwamba mtu mmoja ndiye aliyeandika karibu kila mstari. Inafaa badiliko hilo lihifadhiwe peke yake, pasipo kuchanganywa na marekebisho mengine. Tangu mwaka 2019, Git, programu inayotunza kumbukumbu za mabadiliko, inaweza kuagizwa ilipuuze badiliko la aina hiyo inapotafuta mwandishi wa mstari.

Chombo hicho hakisahihishi hesabu yenye kosa. Humwachia mkaguzi nafasi ya kuliona.