Freddie Mercury: Mtoi wa Zanzibar Aliyewasha Wembley

Ile ngoma ya We Are the Champions hupigwa kila fainali ikiisha, hata ikiwa ni mechi ya mtaa huku Theta. Sasa skia: msee aliyeiandika alizaliwa hapa tu jirani, Zanzibar.

Jina lake halisi ni Farrokh Bulsara. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946 Mji Mkongwe. Wazazi wake walikuwa Waparsi kutoka India, na buda yake alikuwa keshia kwa serikali ya mkoloni. Akiwa bado mdogo alitupwa bodingi Panchgani, India. Huko ndiko alishika piano na kuanza bendi ya shule, The Hectics. Alirudi nyumbani 1963, lakini Mapinduzi ya Januari 1964 yalipowaka, familia ikahepa hadi Feltham, kando ya London. Alikuwa na miaka 17 tu.

Usidhani mambo yalinyooka mara moja. Alisomea uchoraji Ealing, akabeba mizigo uwanja wa ndege wa Heathrow, akauza mitumba soko la Kensington. Eeh, mitumba, kama wasee wa Gikomba. Mwaka wa 1970 aliungana na Brian May na Roger Taylor, jina Queen likatoka kwake, na John Deacon akaingia 1971.

Bohemian Rhapsody ilitoka 1975. Karibu dakika 6, haina kiitikio, na ndani kuna neno ambalo watu wa Pwani husema kabla ya kula. Ilikaa namba moja Uingereza wiki 9. Halafu Julai 13, 1985, kwa Live Aid, shoo ya kuchangia waliokuwa wakifa njaa Ethiopia, aliteka Wembley nzima kwa dakika kama 20 hivi. Itafute YouTube leo usiku, utaelewa.

Ugonjwa aliuficha kwa miaka. Novemba 23, 1991 alitangaza ana UKIMWI, na kesho yake akafariki, miaka 45. Wengine walimlaumu kwa kunyamaza. Mimi siwezi, enzi hizo ukisema tu, hata majirani wanakukimbia.

Kwao nako walimkubali polepole. Mwaka wa 2006, sherehe ya kukumbuka miaka 60 tangu azaliwe ilifutwa baada ya kundi la kidini kuipinga, sababu ya maisha yake ya mapenzi. Makumbusho yake yalifunguliwa 2019, mtaa wa Shangani. Ukishuka boti kutoka Dar, ni mwendo wa mguu tu.