Thieta: Mahali pa Kutazama

Mgiriki wa kale aliposema theatron, hakuwa akitaja mchezo wala wachezaji. Neno hilo limetokana na kitenzi cha kutazama, na lilikuwa jina la viti vya watazamaji vilivyopangwa ngazi kwa ngazi ubavuni mwa kilima. Mjini Athens, chini ya Akropoli upande wa kusini, kila sehemu ilikuwa na jina lake: orchestra ulikuwa uwanja ambamo kwaya iliimba na kucheza, na skene, yaani hema, palikuwa mahali pa waigizaji kubadilishia mavazi. Warumi walipolichukua theatrum, na Wafaransa na Waingereza baada yao, neno la viti likameza jengo zima, kisha sanaa yenyewe.

Si wote waliokopa. Shibai ya Wajapani maana yake ni kukaa kwenye nyasi, kwani watu wa kawaida walitazama michezo wakiwa wameketi chini katika viwanja vya mahekalu. Al-Tahtawi, Mmisri aliyeishi Paris kuanzia 1826 hadi 1831, alilazimika kuyaandika majina ya Kifaransa ya sanaa hiyo kwa herufi za Kiarabu. Baadaye Waarabu walishika masrah, ambalo asili yake ni malisho ya mifugo.

Kiswahili kilipata neno tamthiliya kutoka Kiarabu, lenye shina moja na mithili na methali. Kwa mwanafunzi wa sekondari, hilo ni andiko kama Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa 1969; kwa aliye mbele ya televisheni, ni kisa cha kila jioni kisichokwisha. Kinachofanyika jukwaani ni mchezo wa kuigiza: hapa lugha imemtazama mchezaji, si mtazamaji. Jengo nalo halikupewa jina la peke yake. Ni ukumbi tu, na kesho yake utafanyiwa harusi.

Thieta yenyewe imezoeleka zaidi hospitalini, na chanzo chake ni kutazama kulekule. Mwaka 1594 Chuo Kikuu cha Padua, Italia, kilijenga chumba cha kupasulia maiti: meza chini katikati, na kuizunguka ngazi nyembamba ambako wanafunzi walisimama wamebanana, wakichungulia kisu cha mwalimu. Vyumba vya upasuaji vya Ulaya viliiga umbo hilo na jina lake, na Kiingereza kikalifikisha Afrika Mashariki. Siku hizi ndugu wakiambiwa mgonjwa wao "ameingizwa thieta", hukaa kwenye benchi nje ya mlango uliofungwa.