Mkusanyaji afapo, hazina yake ya sanaa huenda wapi?

Mnamo Novemba 18, 2025, picha iliyochorwa na Gustav Klimt wa Austria ilinunuliwa jijini New York kwa dola milioni 236.4 katika mnada wa kampuni ya Sotheby's. Picha hiyo ya binti Elisabeth Lederer ilikuwa mali ya Leonard Lauder, bwanyenye wa vipodozi aliyefariki Juni mwaka huo huo. Alikuwa ameimiliki kwa takriban miaka 40.

Mkazi wa Migori au Homa Bay huenda akauliza habari hizo zinamhusu vipi. Zinamhusu kuliko anavyodhani, kwa maana swali lililojibiwa kwa nyundo ya dalali kule New York limewahi kuulizwa humu nchini, na jibu lililopatikana halikuwa la kujivunia.

Wanaofanya biashara hii husema kuwa mambo matatu ndiyo huleta mikusanyo mikubwa sokoni: kifo, madeni na talaka. Mwenye mali au warithi wake huandikiana mkataba na kampuni ya mnada. Wataalamu hukadiria thamani ya kila kitu, kisha huwekwa kwa siri bei ambayo chini yake kitu hakiuzwi. Siku ya mnada wanunuzi hushindana, wengine ukumbini, wengine kwa simu. Anayeshinda hulipa bei aliyotaja pamoja na ada ya kampuni.

Hata hivyo, kinachopandisha au kuua bei mara nyingi si uzuri wa kazi bali ni karatasi zake: nani aliimiliki, aliipata wapi, na kwa njia gani. Picha hiyo ya Klimt, iliyochorwa kati ya 1914 na 1916, ilinyakuliwa na Wanazi kutoka kwa familia ya Lederer, iliyokuwa ya Kiyahudi. Mwaka 1948 ilirejeshwa kwa nduguye Elisabeth. Bila ya kumbukumbu hiyo, hakuna kampuni yenye jina ambayo ingethubutu kuiuza.

Mwaka huo huo wa 1948, katika kisiwa cha Rusinga, Homa Bay, mtafiti Mary Leakey alifukua fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi takriban miaka milioni 18 iliyopita. Fuvu lilipelekwa Uingereza likachunguzwe, likakaa huko kwa zaidi ya miaka 30. Kenya ilipolidai, ilielezwa kwamba lilikuwa zawadi. Nyaraka za zamani zilipochunguzwa ndipo ikabainika kuwa lilikuwa mkopo tu. Lilirejea Nairobi mwaka 1982. Fuvu si mchoro, wala halikupigwa mnada, lakini kanuni iliyolirudisha ni ile ile inayotawala soko la sanaa. Asiye na karatasi hana mali.

Mkusanyaji mashuhuri zaidi aliyewahi kuzaliwa Kenya alikuwa Joseph Murumbi. Alizaliwa mwaka 1911 Eldama Ravine, babake akiwa mfanyabiashara Mgoa na mamake Mmaasai, akasomea India. Alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kisha Makamu wa Rais mwaka 1966, cheo alichokishikilia kwa miezi michache tu kabla ya kung'atuka. Wengi humkumbuka kwa hilo. Kazi yake kubwa, kwa maoni ya mwandishi huyu, ilikuwa nyingine.

Alipokuwa uhamishoni London katika miaka ya 1950, Murumbi alianza kununua vitabu na kazi za sanaa za Kiafrika. Wakati huo wachoraji wa Ulaya walikwisha kunufaika na sanaa hiyo kwa nusu karne: Picasso alizuru jumba la makumbusho la Trocadéro, Paris, mwaka 1907, na vinyago alivyoviona humo vikabadili uchoraji wake. Picha za Ulaya zilipanda bei. Vinyago vyenyewe viliuzwa kwa bei ya kutupa. Murumbi alikuwa miongoni mwa Waafrika wachache waliovinunua ili virudi nyumbani. Mwaka 1972 yeye na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa mjini Nairobi.

Alipoamua kuuza, wanunuzi wa ng'ambo walikuwa tayari. Aliwakataa. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali ya Kenya nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina iliyokuwemo, vikiwemo vitabu zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Makubaliano yalikuwa kwamba nyumba ihifadhiwe na kugeuzwa kuwa taasisi ya masomo ya Afrika.

Taasisi hiyo haikujengwa. Nyumba iliachwa ikachakaa, ikabomolewa, na kiwanja chake kikagawanywa. Murumbi mwenyewe alikwisha kuhamia Trans Mara, eneo linalopakana na Migori, ambako alijenga jumba jingine kubwa na kuanza kukusanya upya. Alifariki Juni 1990.

Je, ingekuwa heri vitu hivyo vingepigwa mnada London? Wapo watakaosema ndiyo, kwani mnunuzi aliyelipa pesa nyingi hutunza alichonunua. Lakini mnada hutawanya: kilichokusanywa kwa miaka 40 huenda kwa watu 40 kwa alasiri moja, na kingi hufungiwa kabatini kisionekane tena. Kosa la Muthaiga halikuwa kukosa bei nzuri, bali ahadi kukosa mtu wa kuisimamia. Vitabu na sanaa, kwa bahati, viliokoka.

Katika vijiji vya Homa Bay na Migori mkusanyaji ni familia yenyewe. Kuna vigoda vya wazee, nyatiti, litungu la Wakuria, mapambo ya kichwa ya pembe za kiboko na vyungu vilivyofinyangwa kwa mkono. Vyungu vya Magdalene Odundo, Mkenya aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950 na ambaye pia hufinyanga bila gurudumu, huuzwa Uingereza kwa mamia ya maelfu ya pauni. Mchuuzi anayebisha hodi kununua chungu cha nyanya hatataja hilo. Aidha, Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inakataza kutoa nje ya nchi vitu vya kale vinavyolindwa bila kibali.

Njia nyingine ipo kisiwani Mfangano, ambako wakazi wana makavazi yao ya jamii ya Abasuba, na michoro ya kale ya miamba ya Kwitone na Mawanga, miviringo myekundu na myeupe ambayo hakuna dalali awezaye kuibeba.

Hazina ya Murumbi nayo inaonekana bado. Sehemu iliyouziwa serikali imo katika ukumbi wenye jina lake uliofunguliwa mwaka 2006, orofa ya chini ya Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, barabara ya Moi Avenue. Sehemu nyingine iliwekwa Nairobi Gallery mwaka 2013. Msafiri anayeshuka basi la Migori katikati ya jiji hufika Moi Avenue kwa miguu.