Njia ya Kuzunguka: Safari ya Pikipiki kutoka Mugumu hadi Arusha

Mtu akiitandaza ramani ya Tanzania mezani, akaweka ncha ya kalamu juu ya Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti, akapiga mstari ulionyoka hadi Arusha, mstari huo hauzidi kilomita 300. Utakata sehemu ya kaskazini ya Hifadhi ya Serengeti, utapita katika nchi ya Loliondo, utagusa mlima wa moto wa Ol Doinyo Lengai, kisha utashuka Arusha. Kwa macho ya ramani ni safari ya siku moja. Lakini kijana wa Mugumu mwenye pikipiki, naye anataka kwenda Arusha kwa magurudumu yake mawili, hana ruhusa ya kuufuata mstari huo. Pikipiki haziruhusiwi kupita ndani ya Hifadhi ya Serengeti. Mabasi hupita, na abiria hulipa kiingilio kama watazamaji wa wanyama, hata kama shida yao ni kwenda kumwona mgonjwa. Mwenye pikipiki hata akiwa na fedha mkononi hurudishwa langoni.

Sisemi kwamba katazo hilo halina maana. Simba haoni tofauti baina ya mpanda pikipiki na mtu aendaye kwa miguu, na nyati ni mbaya zaidi ya simba. Ninalotaka kulieleza ni jingine: kwamba mtu hawezi kupanga safari ndefu kutoka Mugumu bila kuijua historia ya nchi ile, maana kila mahali barabara inapopinda pana jambo lililotokea.

Zamani njia haikupinda. Wenyeji wa magharibi ya Serengeti, yaani Waikoma, Wanata, Waisenye, Wangoreme na jirani zao, walizoea kuingia nyikani kwa uwindaji, kwa chumvi na kwa biashara, wakazijua chemchemi na vivuko. Mwaustria Oscar Baumann alipofika bonde la Ngorongoro mwezi wa Machi 1892, alivuka mbuga na kuendelea magharibi hadi Ziwa Viktoria, akiwakuta njiani Wamasai waliokuwa wakifa kwa njaa baada ya sotoka kuwaua ng'ombe wao. Miaka ishirini na moja baadaye, mwaka 1913, Mmarekani Stewart Edward White aliingia Serengeti kutoka upande wa kaskazini kwa miguu, akaandika kitabu akiiita nchi iliyogunduliwa upya. Wenyeji hawakuwa wameipoteza hata igunduliwe. Lakini hayo ni desturi ya wasafiri. Wakati huo Wadachi walikuwa wamekwisha jenga ngome yao ya Ikoma juu ya kilima, na njia kutoka ziwani zikaanza kuelekezwa huko.

Motokaa ya kwanza inayokumbukwa kufika Seronera ni Ford ya Mmarekani mmoja, mwaka 1920. Mwaka uliofuata sehemu ya nchi ile ikatengwa kuwa pori la akiba, na mwaka 1929 pori likapanuliwa. Mwaka 1951 ikawa Hifadhi ya Taifa, na mwaka 1959 mipaka ikachorwa upya, Ngorongoro ikatengwa na Serengeti. Mwaka 1994 mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti yakatangazwa upande wa magharibi, karibu kabisa na vijiji. Yafaa msomaji aitazame miaka hiyo kwa utaratibu. Ni kana kwamba watu wa Mugumu wamekaa katika nyumba ambayo mlango wake wa mashariki unazibwa tofali baada ya tofali, kwa muda wa miaka sabini na zaidi, na kila tofali lina sababu yake njema.

Sababu njema zimezaa matunda, hilo halikaniki. Mwaka 1961 nyumbu wa Serengeti walihesabiwa kuwa kama 250,000 tu. Kabla ya miaka ya sabini kwisha walikuwa wamepita milioni moja, kwa kuwa sotoka ilikwisha kuondolewa katika ng'ombe wa majirani. Mwaka 1981 Serengeti iliingizwa katika Urithi wa Dunia. Basi Serikali ilipotangaza mwaka 2010 mpango wa barabara kuu kutoka Arusha hadi Musoma kupitia Loliondo na Mugumu, ambayo kama kilomita 53 zake zingekata hifadhi, dunia nzima ilipiga kelele. Shirika moja la Kenya la kutetea wanyama lilipeleka mashtaka katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, ambayo kiti chake kiko Arusha kwenyewe. Tarehe 20 Juni 2014 mahakama iliamua kwamba kujenga barabara ya lami kukata hifadhi kungekuwa kinyume cha mkataba wa Jumuiya.

Katika mabishano hayo, wapinzani wa barabara walikuwa na jibu moja walilolirudia: ipitishwe njia ya kusini, izunguke hifadhi kwa kupita Karatu, Mbulu, Haydom, Meatu na Bariadi. Wakubwa waliijadili njia hiyo kwa makaratasi. Mwenye pikipiki wa Mugumu hana karatasi, lakini ndiyo njia anayoifuata.

Na si wa kwanza kuifuata. Mwaka 1917, vita ya kwanza ya dunia ilipokuwa ikielekea kusini, kikosi kimoja cha Wadachi na askari wao kiliasi mpango wa jemadari wao, kikageuka kwenda kaskazini. Mkuu wake wa kwanza, Wintgens, alishikwa na homa akajisalimisha kwa Wabelgiji. Naumann akashika nafasi yake. Kikosi kikavuka reli ya kati, kikaizingira boma ya Mkalama bila kuipata, kisha katikati ya mwaka kikaitwaa ngome ya Ikoma. Waingereza na Wabelgiji walikifukuza miezi mingi, mpaka Naumann aliposalimu amri mwanzoni mwa Oktoba katika nchi ya Kondoa. Mwendo kutoka Mkalama hadi Ikoma, ukiugeuza kichwa chini, ni kiungo cha kati cha njia ya kuzunguka. Naumann hakuwa na barabara wala stoo. Alikula ng'ombe wa watu na kuwabebesha watu mizigo yake. Vitabu vya vita humsifu kwa wepesi wake. Havisemi mengi juu ya zizi lililoachwa tupu nyuma yake.

Katika vita hiyo hiyo pikipiki zilikwisha onekana nchini. Afrika ya Kusini ilileta kikosi kizima cha wapanda pikipiki, kikaingia njia ya Kondoa Irangi mwaka 1916 wakati wa masika, na matope yakawafundisha adabu. Mizigo ya vita ile ilibebwa na vichwa vya wanadamu. Jina la Kariakoo la Dar es Salaam ni ukumbusho wao.

Sasa tuje kwenye matope hayo, kwa kuwa mpango wa safari huanzia hapo. Udongo wa mbuga, ule mweusi unaopasuka wakati wa kiangazi, ukinyeshewa hushika gurudumu kama ugali wa moto. Hujaa baina ya tairi na madigadi mpaka gurudumu likataa kuzunguka, na mpanda pikipiki akabaki akichokoa kwa kijiti kila baada ya hatua mia. Udongo huo uko Maswa na Meatu kwa wingi, na Mugumu nako haukosi. Kwa hiyo miezi ya Machi hadi Mei si ya safari hiyo. Juni hadi Septemba ni miezi mizuri, ila vumbi. Mtu wa Mugumu akikutana na mwenziwe atokaye Nata hamwulizi ni kilomita ngapi. Humwuliza, "Kaka, huko imenyesha?" Swali hilo lina elimu kuliko ramani nyingi.

Njia yenyewe ni hii. Kutoka Mugumu hadi Nata, kisha kupitia Nyamuswa hadi Bunda. Kutoka Bunda kusini kwa lami hadi Lamadi, mahali ambapo barabara imebanwa baina ya Ghuba ya Speke na ncha ya magharibi ya hifadhi. Hapo mpanda pikipiki huona lango la Ndabaka kwa mkono wake wa kushoto, na wanyama huvuka lami bila kuuliza ni ya nani. Lamadi hukata mashariki kwenda Bariadi na Maswa, kisha Mwanhuzi wa Meatu, kisha mto Sibiti unaotoka ziwa Kitangiri kumwaga Eyasi. Daraja la Sibiti ni la siku hizi. Kabla yake mvua ikijaa safari ilikwishia ukingoni, na mtu alingoja au alirudi. Ng'ambo ya mto ni Mkalama, halafu Haydom yenye hospitali ya Walutheri tangu 1955, halafu kupanda Mbulu na kushuka Karatu. Jumla hupita kilomita 600. Mstari wa kilomita 300 umekuwa maradufu na zaidi.

Iko njia ya pili, ya kaskazini: Tarime, Sirari, kisha kuingia Kenya kwa Migori na Kisii, kuzunguka mpaka Narok na Nairobi, na kurudi nchini kwa Namanga. Lami ni nzuri. Lakini mtu huvuka mpaka wa nchi mara mbili ili aende mkoa wa pili wa nchi yake, akiwa na hati ya kusafiria, kadi ya pikipiki yenye jina lake, na bima ya kadi ya njano. Wengi wa vijana wetu wana pikipiki ambayo kadi yake ingali kwa mwenye mali. Njia hiyo wameifungiwa na deni.

Juu ya chombo, nitasema kwa mfano. Tarehe 11 Desemba 1934 wanawake wawili Waingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki ya Panther ya sisi 600, yenye kigari cha ubavuni na tela nyuma, wakavuka Sahara na Kongo, wakapita Tanganyika, na mwezi wa Julai 1935 wakafika Cape Town. Ushujaa wao haupungui nikisema kwamba chombo chao kilikuwa kizito kuliko njia. Injini iliwafia jangwani kabla ya Agadez, ikabidi nyingine iletwe kutoka Uingereza. Pikipiki ya sisi 125 au 150 ambayo kijana wa Mugumu hubebea abiria na magunia haina sifa vitabuni. Lakini mnyororo wake, plagi yake na kebo ya krachi yake vinapatikana Mwanhuzi siku ya mnada, na fundi wa chini ya mwembe anaijua kama aijuavyo kiganja chake. Mwenye hekima huchukua mipira ya ndani miwili, viraka na gundi, pampu, spana chache, na dumu la lita tano la petroli. Tangi la lita kumi hutosha kwa mwendo mrefu, lakini petroli ya chupa inayouzwa vijijini huenda imechanganywa, na dumu la nyumbani ni amani ya moyo.

Kosa ninaloliona katika mipango ya vijana ni kuhesabu siku kwa kilomita. Kilomita 70 za Bariadi kwenye lami ni saa moja na nusu. Kilomita zile zile baina ya Mwanhuzi na Sibiti huweza kula nusu ya siku, na baada ya mvua moja, siku nzima. Siku nne ni mpango wa haki, na ya tano iwe akiba. Alale Lamadi, alale Mwanhuzi, alale Haydom. Asiendeshe usiku: ng'ombe wa Wasukuma hurudi jioni kwa barabara hiyo hiyo, na ng'ombe mweusi katika giza haonekani mpaka pembe ziguse taa.

Siku ya nne, akishuka kutoka Mbulu, atafika Karatu na kukuta lami iendayo kulia Arusha. Kushoto ni kilomita chache tu hadi lango la Ngorongoro, ambako pia atakatazwa kupita. Upande wa pili wa lango hilo, nyuma ya bonde na nyuma ya mbuga, ndiko iliko Mugumu aliyoiacha.