Gesi ya Majokofu na Neno Uhawilishaji

Katika sheria ya Kiislamu, hawala ni kuliondoa deni juu ya mtu mmoja na kulitwika mwingine. Kutokana na mzizi huohuo tumepata neno uhawilishaji, ambalo sasa hutumiwa kwa kuhamisha ufundi wa viwanda kutoka nchi tajiri kwenda nchi zinazoendelea. Huenda waliolichagua hawakuliwaza deni. Walakini historia ya majokofu yaonyesha kuwa halikuwa mbali.

Mkataba wa Montreal ulitiwa sahihi tarehe 16 Septemba 1987 ili kuzikomesha klorofluorokaboni, gesi zilizokuwa zikilila tabaka la ozoni. China na India zilisita kujiunga: walioiharibu anga, zilidai, ndio wagharimie dawa yake. Mwezi wa Juni 1990, mjini London, ukaanzishwa mfuko wa dola milioni 160 kwa miaka mitatu, uongezwe hadi milioni 240 iwapo mataifa hayo mawili yangeingia. China iliingia mwaka wa 1991, India mwaka wa 1992.

Fedha zilipatikana, ujuzi ndio uliokuwa mgumu. Gesi mpya, HFC-134a, ilifungwa kwa hataza za makampuni machache, na wenye viwanda wa India wakalalamikia bei na masharti yake. Tena, ingawa haikuidhuru ozoni, iliipasha dunia joto zaidi ya mara elfu kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Hata ikabidi kukutana Kigali, Oktoba 2016, ili kuipunguza.

Njia ya pili ilianzia Scharfenstein, katika kiwanda cha Foron cha iliyokuwa Ujerumani ya Mashariki, kilichokuwa karibu kufungwa. Mwaka wa 1992 Greenpeace ilikikutanisha na wataalamu wa Dortmund waliokwisha kujaribu mchanganyiko wa propani na butani. Wenye viwanda wakubwa walitangaza kwamba jokofu hilo lingelipuka. Muda si mrefu wakaanza kuliunda wao wenyewe. Hataza haikuchukuliwa, na kufikia katikati ya miaka ya 1990 ufundi huo ulikuwa umefika China.

Bure, hata hivyo, si bila gharama. Gesi hiyo huwaka: kiwanda chataka vipima-gesi, mikondo ya hewa, na mafundi waliofundishwa upya. Hapo ndipo fedha za mfuko zilipofaa.

Foron yenyewe ilifilisika mwaka wa 1996.