Rai Isiyo na Bei: Juri, Wazee wa Baraza na Rushwa ya Hukumu

Ukitoka Ganjoni kwa Barabara ya Dedan Kimathi, ukaishika Nkrumah kuelekea Mji wa Kale, karibu na Fort Jesus utalikuta jengo la mahakama ya kale lililojengwa 1902. Siku hizi liko mikononi mwa Makavazi ya Kitaifa, na watu huingia kutazama maonyesho pale ambapo zamani waliingia wakitetemeka. Ngome iliyo jirani nayo ilikuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958, kwa hiyo aliyehukumiwa hakuwa na safari ndefu.

Sheria iliyosomwa humo miaka ya mwanzo haikutungwa Mombasa wala London. Ilitoka India. Kwa amri ya Malkia ya 1897, Kanuni ya Adhabu ya India, iliyopitishwa 1860, ndiyo iliyotumika katika himaya ya Afrika Mashariki. Ndani yake mlikuwa na mambo ambayo leo wengi hawayajui. Kifungu cha 21 kilimhesabu mwanajuri, pamoja na mzee anayemsaidia hakimu, kuwa mtumishi wa umma. Maana yake ni kwamba akipokea hongo aliangukia kifungu cha 161 kama karani yeyote wa serikali, na kifungo chake kilifika miaka 3. Kifungu cha 229 kilimlenga aliyejipenyeza kwa udanganyifu akakaa mahali pa mwanajuri au mzee huyo: miaka 2, au faini, au vyote viwili. Vifungu hivyo vilidumu hadi tarehe 1 Agosti 1930, Kenya ilipopata Kanuni yake ya Adhabu.

Lakini juri lenyewe lilikuwa la nani? La Mzungu. Mzungu akishtakiwa kwa kosa zito alihukumiwa na Wazungu wenzake. Mwafrika, Mwarabu na Mhindi walimkabili jaji aliyekaa na wazee wa baraza, watu wachache walioitwa watoe rai juu ya ushahidi na mila, kisha jaji akaamua apendavyo. Katika mji kama Mombasa, ambamo Mswahili, Mbohora, Mgoa na Mhadhrami walipanga nyumba ukuta kwa ukuta, utaratibu huo uliwagawa majirani mara tu mmoja wao alipofikishwa kizimbani.

Sasa mtu atauliza: juri la namna hiyo lingehongwa kwa lipi? Mwaka 1911 mlowezi Galbraith Cole alimpiga risasi na kumuua Mwafrika aliyemshuku kuiba kondoo wake. Juri la walowezi likamwachilia. London ilikasirika kiasi cha kuamuru afukuzwe nchini, jambo ambalo mahakama haikulifanya. Mwaka 1923 kijana aitwaye Kitosch alichapwa na mwajiri wake mlowezi hadi akafa, na juri likaona kosa si mauaji bali kuumiza vibaya. Kifungo kikawa miaka 2, sawasawa na kile cha mtu aliyejifanya mwanajuri chini ya kifungu cha 229. Karen Blixen aliiandika habari ya Kitosch katika kitabu chake kuhusu shamba lake la Ngong. Katika kesi hizo hakuhitajika mtu wa kupita usiku na bahasha. Hukumu ilikuwa imeshapikwa siku walipochaguliwa kukaa kitini watu wa klabu moja na mshtakiwa.

Haki inataka niseme kwamba juri la Wazungu halikuwa la kuachilia tu. Ni kweli kwamba mwaka 1941 lilimwachilia Jock Delves Broughton katika kesi ya mauaji ya Lord Erroll, ila hapo marehemu na mshtakiwa wote walikuwa mabwana wakubwa. Lakini baada ya mauaji ya 1959, juri la Wazungu watupu lilimtia hatiani Peter Poole kwa kumuua mfanyakazi Mwafrika. Alinyongwa Agosti 1960, Mzungu wa kwanza Kenya kunyongwa kwa kosa kama hilo. Uhuru ulikuwa ukibisha hodi.

Kwa wazee wa baraza mambo yalikuwa kinyume chake. Rai yao haikumfunga jaji. Wangeweza kusema wote kwa sauti moja kwamba mtu huyu hana hatia, na jaji akamtia kitanzi. Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau ambaye barabara ya Ganjoni ina jina lake, alihukumiwa Nyeri Novemba 1956 mbele ya Jaji Mkuu Kenneth O'Connor na wazee watatu Waafrika. Wote watatu walisema ana hatia, akanyongwa tarehe 18 Februari 1957. Katika joto la hali ya hatari ya wakati huo, ni mzee gani aliyekaa pale akiwa huru kusema vingine? Hilo nalo ni shinikizo, ingawa hakuna kifungu kilicholiita kosa.

Linganisha na New York. Mwaka 1987 kiongozi wa genge John Gotti aliachiliwa na juri la watu 12. Baadaye ikabainika kuwa mmoja wao aliuza kura yake kwa dola 60,000, naye mwaka 1992 akapatikana na hatia na kufungwa miaka 3. Bei hiyo ina mantiki yake. Huko hukumu ya jinai inataka wote 12 wakubaliane, kwa hiyo ukimpata mmoja tu umeizuia kesi. Ndiyo maana sheria za Marekani, za shirikisho na za majimbo, zina vifungu maalumu na vikali vya kumkinga mwanajuri. Kwetu rai ya mzee wa baraza ilikuwa kama nakshi ya mlango wa Mji wa Kale: inapendeza, ila si yenyewe inayofunga. Anayetaka kununua hukumu hanunui nakshi.

Baada ya uhuru Wakenya wa rangi zote waliishia chini ya wazee wa baraza. Mshtakiwa maarufu wa mwisho kupita mbele yao alikuwa Tom Cholmondeley, aliyeshtakiwa kwa mauaji ya mchonga mawe katika shamba la Soysambu mwaka 2006. Jamaa zake wa kale walikuwa walowezi haohao: dada yake Galbraith Cole aliolewa na Lord Delamere wa tatu, baba wa babu-mzaa-baba wa Cholmondeley. Wazee wawili walimshauri Jaji Muga Apondi amwachilie. Jaji hakuwafuata. Mei 2009 alimtia hatiani kwa kuua bila kukusudia, akamfunga miezi 8. Kufikia hapo Bunge lilikuwa limeshawafuta wazee wa baraza kwa marekebisho ya sheria ya 2007, na kesi zilizoanza nao zikazua mabishano marefu. Kuna hukumu za mauaji zilizobatilishwa na Mahakama ya Rufaa kwa dosari za utaratibu huo, mzee kukosa kikao kwa mfano. Ajabu kidogo: watu ambao jaji aliweza kuwapuuza, walipokosekana waliweza kuibomoa kesi nzima.

Uganda bado ina wazee wa baraza. Tanzania iliwafanya kuwa wa hiari ya mahakama kwa sheria ya 2022.

Mombasa leo jaji wa kesi ya mauaji huketi peke yake, na anayetaka kuipotosha kesi ana milango miwili. Wa kwanza ni jaji, na hapo Sheria ya Hongo ya 2016 inatoa kifungo kisichozidi miaka 10, au faini isiyozidi shilingi milioni 5, au vyote. Wa pili, ulio rahisi zaidi, ni shahidi. Kifungu cha 117 cha Kanuni ya Adhabu kinamwadhibu anayekula njama ya kupotosha haki, au anayemzuia shahidi asifike kortini: miaka 5. Sheria ya Kuwalinda Mashahidi ilipitishwa 2006, na ilipata mtihani wake mkubwa si Mombasa bali katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, The Hague. Kesi iliyotokana na ghasia za uchaguzi wa 2007 iliporomoka Aprili 2016 baada ya mashahidi kadhaa kugeuka, na mmoja wa majaji akaandika wazi kwamba mashahidi walikuwa wameingiliwa. Wakenya watatu walitolewa hati za kukamatwa kwa tuhuma za kuwahonga. Mmoja, wakili, alijisalimisha 2020, akashtakiwa, akafariki 2022 kabla ya hukumu. Adhabu ya juu kabisa aliyokuwa akikabiliwa nayo chini ya Kifungu cha 70 cha Mkataba wa Roma wa mahakama hiyo ilikuwa miaka 5, ileile ya kifungu cha 117.