Pikapu ya umeme: Mambo ya kuyajua kabla ya kuachana na mafuta

Mwezi Desemba 2025 kampuni ya Ford ya Marekani ilitangaza kusitisha utengenezaji wa F-150 Lightning, pikapu ya umeme iliyoanza kuundwa katika kiwanda cha Dearborn, jimbo la Michigan, Aprili 2022. Uamuzi huo ulikuja ingawa kufikia mwisho wa mwaka 2021 karibu watu 200,000 walikuwa wamejiandikisha kuagiza gari hilo.

Mauzo hayakufikia matarajio hayo. Mwaka 2024 ziliuzwa Lightning 33,510, wakati familia nzima ya magari ya F-Series, ambayo mengi yanatumia petroli na dizeli, iliuza zaidi ya 700,000. Kampuni ilitaja gharama kubwa za uzalishaji na uchache wa wanunuzi kuwa miongoni mwa sababu.

Hata hivyo, makumi ya maelfu ya pikapu hizo yako barabarani, na matumizi yake yamedhihirisha jambo moja: pikapu ya umeme ni chombo kizuri cha kazi kwa mtu anayejua safari zake za kila siku na anayerudi mahali pamoja jioni. Kwa anayevuta tela zito masafa marefu, ni chombo cha kumchelewesha.

Jambo hilo linawahusu pia wakazi wa Afrika Mashariki, kwa kuwa Toyota na Isuzu, ambazo pikapu zake zimezoeleka kuliko nyingine katika barabara za ukanda huu, tayari zimetoa Hilux na D-Max zinazotumia umeme.

Nguvu bila giaboksi

Pikapu ya umeme haina injini ya kuchoma mafuta, tangi, ekzosi wala giaboksi ya gia nyingi. Betri kubwa hulazwa chini ya sakafu, kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma, na kuzipa umeme mota moja au zaidi.

Mota ya umeme hutoa nguvu yake yote ya kuzungusha tangu gari linapoanza kujongea. Kwa sababu hiyo dereva aliyezoea dizeli hustaajabia wepesi wa kuondoka, hata gari likiwa na shehena. Uzito wa betri ukiwa chini, gari hutulia vizuri kwenye kona.

Pahala palipokuwa na injini hugeuka kuwa sanduku la mizigo. Katika Lightning, nafasi iliyo chini ya boneti ina ujazo wa takriban lita 400 na hufungwa kwa ufunguo, jambo linalowafaa mafundi wanaobeba vifaa vya thamani.

Uzito huo huo wa betri una hasara zake. Lightning ina uzito wa kati ya kilo 2,700 na 3,100 ikiwa tupu, kulingana na aina. Tairi hulika mapema zaidi, na kila kilo inayoongezwa katika betri hupunguza mzigo unaoruhusiwa kubebwa. Kiwango cha juu cha mzigo, takriban kilo 1,000, kilipatikana katika aina yenye betri ndogo tu.

Umbali: takwimu na uhalisia

Lightning za kwanza zilitolewa na betri za aina mbili. Ndogo ilikuwa na kilowati-saa 98 na kubwa 131. Kilowati-saa moja ndiyo ile ile iitwayo uniti katika mita ya umeme ya nyumbani. Kwa vipimo rasmi vya Marekani, betri ndogo ilikadiriwa kufika kilomita 370, na kubwa hadi kilomita 515.

Takwimu hizo ni za gari lisilo na mzigo mzito, katika hali nzuri ya hewa na kwa mwendo wa wastani. Mmiliki anapaswa kuzipunguza kwa kuzingatia mambo matatu.

La kwanza ni tela. Majaribio ya majarida ya magari ya Marekani yalionyesha kwamba kuvuta tela refu na zito kwa mwendo wa barabara kuu hupunguza umbali kwa nusu au zaidi. Kinachoumiza zaidi si uzito wenyewe, bali upepo unaozuiwa na kimo na upana wa tela. Gari la dizeli nalo hutumia mafuta mengi linapovuta tela, lakini dereva wake hujaza tangi kwa dakika chache na kuendelea.

La pili ni mwendo. Ukinzani wa hewa huongezeka kwa kasi kadiri gari linavyokimbia, na pikapu kwa umbo lake ni pana na ndefu kwa kimo. Dereva anayepunguza mwendo kutoka kilomita 120 hadi 90 kwa saa hupata umbali wa ziada ulio dhahiri.

La tatu ni hali ya hewa. Uchunguzi wa chama cha wenye magari cha Marekani, AAA, uliotolewa mwaka 2019, ulionyesha kwamba katika baridi ya nyuzi 7 chini ya sifuri, kipasha joto kikiwashwa, magari ya umeme yaliyopimwa yalipoteza wastani wa asilimia 41 ya umbali wake. Katika joto la nyuzi 35, kiyoyozi kikifanya kazi, upotevu ulikuwa asilimia 17. Kwa maeneo ya pwani ya Afrika Mashariki, takwimu hii ya pili ndiyo yenye maana.

Kuchaji: usiku nyumbani, mchana kwa dharura

Badiliko kubwa kwa mmiliki ni tabia ya kujaza. Mwenye gari la mafuta husubiri tangi lipungue ndipo aende kituoni. Mwenye gari la umeme huchomeka waya jioni na kuukuta usiku umemaliza kazi.

Kwa chaja maalumu ya ukutani ya ampea 48, Lightning yenye betri kubwa huhitaji takriban saa 13 kutoka asilimia 15 hadi kujaa. Kwa chaja ya ampea 80, muda hushuka hadi saa 8 hivi. Soketi ya kawaida ya volti 230 hutoa zaidi ya kilowati 2 tu, hivyo saa 10 za usiku humpatia mwenye gari la ukubwa huo umbali wa kilomita 70 au 80. Kwa anayezunguka ndani ya mji, hiyo huenda ikatosha.

Kazi ya kufunga chaja isifanywe kwa kubahatisha. Chaja huvuta umeme mwingi kwa saa nyingi mfululizo, tofauti na pasi au jiko. Fundi umeme mwenye leseni hana budi kukagua ukubwa wa nyaya, swichi kubwa na waya wa ardhi kabla ya kuifunga. Nyaya nyembamba zinazovumilia matumizi mafupi zinaweza kuungua.

Vituo vya kuchaji kwa haraka huijaza Lightning kutoka asilimia 15 hadi 80 kwa dakika 40 na ushei. Baada ya asilimia 80 kasi hushuka sana ili kuilinda betri, na ndiyo maana madereva wa safari ndefu huondoka kabla haijajaa. Aidha, anayevuta tela huweza kulazimika kulifungua kwanza, kwa kuwa vituo vingi vimejengwa kwa gari moja lisilo na kitu nyuma.

Ni vema pia kuhakikisha aina ya plagi. Mfumo wa Marekani haufanani na ule wa Ulaya, na gari lililoagizwa kutoka soko moja haliwezi kuchajiwa moja kwa moja katika kituo cha soko jingine.

Hesabu ya gharama

Kwa vipimo rasmi, Lightning hutumia takriban uniti 30 kwa kila kilomita 100, ukijumlisha umeme unaopotea wakati wa kuchaji. Pikapu ya petroli ya ukubwa huo hutumia takriban lita 12 kwa umbali huo huo.

Kwa bei za wastani za Marekani za mwaka 2024, uniti 30 za nyumbani ziligharimu takriban dola 5, na petroli takriban dola 10. Lakini katika vituo vya kuchaji kwa haraka, ambako uniti huuzwa mara nyingi kwa mara mbili hadi tatu ya bei ya nyumbani, faida hiyo hupungua au kutoweka kabisa. Asiye na mahali pake pa kuchajia asitarajie akiba kubwa.

Msomaji anaweza kuifanya hesabu hiyo kwa bei za mahali alipo: azidishe bei ya uniti kwa 30, azidishe bei ya lita kwa 12, kisha alinganishe. Nchini Kenya ipo bei maalumu ya umeme wa kuchajia vyombo vya usafiri, iliyoanzishwa mwaka 2023.

Bei ya kununulia nayo haitabiriki. Lightning ya bei ya chini kabisa ilitangazwa kwa dola 39,974 mwaka 2021, ikapanda hadi dola 59,974 Machi 2023, kisha ikateremshwa hadi dola 49,995 Julai mwaka huo. Aliyenunua Machi aliona thamani ya gari lake ikiporomoka kabla ya miezi mitano kupita. Aidha, nafuu ya kodi ya dola 7,500 iliyotolewa na serikali ya Marekani ilikoma Septemba 30, 2025.

Matengenezo na uhai wa betri

Hakuna oili ya injini ya kubadilisha, wala plagi, chujio la dizeli au nozeli. Pedi za breki hudumu muda mrefu, kwa sababu dereva anapoachia pedali mota hugeuka kuwa jenereta, hupunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Kinachobaki ni tairi, springi, maji ya kupozea betri na vifaa vya kielektroniki.

Betri ndicho kifaa cha thamani kubwa kuliko vyote. Ford iliidhamini kwa miaka 8 au kilomita 160,000, ikiahidi kwamba haitashuka chini ya asilimia 70 ya uwezo wake katika kipindi hicho. Watengenezaji wengi hushauri betri ichajiwe hadi asilimia 80 au 90 kwa matumizi ya kila siku, na ijazwe kabisa kabla ya safari ndefu tu.

Moto wa betri si tukio la kawaida, lakini ukizuka ni mgumu kuuzima. Februari 2023 Ford ilisimamisha uzalishaji kwa wiki kadhaa baada ya Lightning moja kuwaka ikiwa katika eneo la kiwanda, na magari 18 yakaitwa kurekebishwa. Gari lililogongwa sehemu ya chini halina budi kukaguliwa na fundi aliyepata mafunzo ya umeme wa volti kubwa.

Jenereta yenye magurudumu

Faida ambayo wengi hawaitarajii ni umeme unaotoka katika gari. Soketi za Lightning zinaweza kutoa hadi kilowati 9.6, kiasi cha kuendesha mashine ya kuchomelea, msumeno au pampu ya maji bila kelele wala moshi.

Kwa mujibu wa Ford, betri kubwa iliyojaa inaweza kuihudumia nyumba inayotumia uniti 30 kwa siku kwa muda wa siku tatu. Nyumba yenye matumizi madogo itahudumiwa kwa muda mrefu zaidi.

Tahadhari ni moja. Gari halipaswi kuunganishwa na nyaya za nyumba bila swichi maalumu inayoitenga nyumba na gridi. Bila swichi hiyo, umeme wa gari hurudi kwenye nguzo na unaweza kumuua fundi anayetengeneza laini akidhani haina umeme.

Hilux na D-Max za umeme

Hilux ya umeme iliyozinduliwa Bangkok, Thailand, Novemba 2025, ina betri ya kilowati-saa 59.2, na umbali unaokadiriwa ni takriban kilomita 240. Hubeba takriban kilo 715 na kuvuta kilo 1,600. D-Max ya umeme ina betri ya kilowati-saa 66.9, umbali wa takriban kilomita 263, hubeba kiasi cha tani moja na kuvuta tani 3.5.

Hilux ya dizeli yenye tangi la lita 80 hupita kilomita 700 bila taabu. Kwa umbali wa kilomita 240, dereva anayetoka Dar es Salaam hufika Morogoro, lakini hawezi kurudi bila kuchaji. Safari ya Dodoma ingemlazimu kusimama njiani.

Kwa upande mwingine, shamba la maua, hoteli, mgodi, hospitali au kampuni ya maji yenye magari yasiyotoka nje ya kilomita 100 kwa siku huweza kunufaika, hasa ikiwa ina umeme wa jua wa kwake.

Kabla ya kulipa

Anayefikiria kubadili anashauriwa aandike safari zake zote kwa mwezi mmoja: kilomita za kila siku, uzito wa mzigo na mahali gari lilipolala. Ikiwa siku iliyo ndefu kuliko zote haizidi nusu ya umbali uliotangazwa, na mahali pa kuchajia papo, pikapu ya umeme itaimudu kazi hiyo na kupunguza gharama za kila siku.

Ikiwa safari ndefu yenye mzigo hutokea kila wiki, dizeli bado haijapata mrithi. Ikiwa hutokea mara mbili au tatu kwa mwaka, huenda ikawa nafuu zaidi kukodi gari kwa siku hizo.

Jambo la mwisho la kuuliza ni nani atakayelitengeneza gari hilo na spea zake zitatoka wapi. Wamiliki wa Lightning wameshuhudia gari lao likiondolewa kiwandani chini ya miaka minne baada ya kuanza kuundwa. Mnunuzi wa pikapu yoyote ya umeme apate kwanza, kwa maandishi, dhamana ya betri inayotambuliwa katika nchi atakayoitumia.